Nyumba ya Mill Hill na Mama Kevina wa Nsambya

Kaskazini ya jiji la London, mahali ambapo ardhi huinuka juu ya mitaa ya Hendon, upo mgongo wa kilima uitwao Mill Hill, na juu ya mgongo huo inapita njia ya kale ijulikanayo kwa jina la Ridgeway, ambayo katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilipata kuona nyumba mbili za Kanisa Katoliki zikisimama kwa ujirani mwema: ya kwanza chuo cha mapadre wa Mtakatifu Yosefu, na ya pili makao ya masista wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, yaliyoitwa St Mary's Abbey. Nyumba hizo hazikuwa kubwa kwa kipimo cha mji uliokuwa makao makuu ya dola iliyoenea mabara yote, wala hazikuwa na utajiri wa kutajika. Walakini mtu yeyote atakaye leo kuandika habari za hospitali ya Nsambya mjini Kampala, za makazi ya wenye ukoma ya Nyenga na Buluba, za shule ya wasichana ya Namagunga, au za shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao utume wao umeenea Uganda, Kenya na Tanzania, hana budi kuanzia kilimani pale. Mambo yote hayo yalipita katika mikono ya mwanamke mmoja, Teresa Kearney, aliyeingia utawa katika nyumba hiyo kwa jina la Sista Mary Kevin, na ambaye watu wa Uganda walimwita Mama Kevina.

Historia ya nyumba ya dini aghalabu huandikwa kwa kuhesabu majengo na wakuu waliofuatana. Katika habari hii hesabu itakuwa ya namna nyingine, nayo ni hesabu ya vitu ambavyo nyumba hii ilivianzisha kisha ikaviachia. Na ni maoni ya mwandishi kwamba fadhila yake kubwa, ambayo yastahili kukumbukwa kuliko nyingine zote, imo humo.

Asili ya nyumba

Mwanzilishi wa chuo cha mapadre, Herbert Vaughan, alikuwa mwana wa jamaa ya kale ya Kikatoliki katika Herefordshire, ambaye alizunguka nchi za Amerika akiomba sadaka kwa ajili ya chuo cha kuwafunza wamisionari, jambo ambalo Wakatoliki wa Uingereza, waliokuwa wachache na wenye kushukiwa na wenzao kwa karne tatu, walikuwa hawajapata kulithubutu. Mwaka 1866 alianza kazi yake na wanafunzi wachache mno katika Holcombe House, jumba la karne ya 18 lililopo Mill Hill. Na mapadre walipohamia katika chuo chao kipya, jumba hilo likaja kuwa mikononi mwa masista, ambao waliliongezea majengo ya utawa.

Masista wenyewe walikuwa na asili isiyo ya kawaida. Walianza kama jumuiya ya wanawake wa Kanisa la Anglikana waliokuwa wakihudumia mafukara wa London, na mwaka 1868 wakaingia pamoja katika Kanisa Katoliki, wakafuata kanuni ya Mtakatifu Fransisko. Ili kuelewa walichokiona kila siku, inatosha kukumbuka kwamba Charles Booth, mfanyabiashara aliyeanza mwaka 1886 kuuchunguza mji huo mtaa kwa mtaa, alikuta kwamba takriban watu 30 katika kila 100 walikuwa wakiishi katika ufukara. Basi haikuwa nyumba ya watu walioishi mbali na dhiki wakaisikia kwa hadithi. Dhiki ilikuwa mlangoni.

Hata hivyo, mapema kabisa walianza kutazama ng'ambo ya bahari. Mwaka 1871 mapadre wa Vaughan walikwenda Baltimore, nchini Marekani, kuwahudumia watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu iliyopita. Na mwaka 1881 masista wa Mill Hill wakawafuata katika mji huo huo, wakashika kazi ya kulea watoto yatima wa watu weusi, katika zama ambazo wengi wa waumini wenzao weupe wasingekubali kukaa nao katika benchi moja la kanisa. Kazi ya Baltimore ndiyo iliyoipa nyumba ya Mill Hill sifa yake, nayo ndiyo iliyomvuta binti mmoja wa Ireland kupiga hodi mwaka 1895.

Binti wa Wicklow

Teresa Kearney alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika Wicklow, mashariki ya Ireland. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake akaolewa tena, naye akaaga dunia binti alipokuwa na umri wa miaka 10. Kisha bibi yake mzaa mama akachukua malezi, naye pia akafa Teresa alipotimu miaka 17. Alisoma kwa Masista wa Huruma huko Rathdrum, akafundisha kama mwalimu msaidizi, kisha akavuka bahari, kama walivyovuka vijana wengi wa Ireland katika zama hizo za uhaba, akafundisha katika shule ya Essex nchini Uingereza. Miaka hiyo ya kazi ya ualimu haikupotea bure, maana alipokuja kushika madaraka hakuna jambo alilolitilia mkazo zaidi ya kufundisha wengine kazi aliyoijua.

Alipopokewa Mill Hill alichukua jina la Kevin, mtakatifu wa Glendalough, bonde lililoko katika Wicklow yake mwenyewe, na mwezi Aprili 1898 akatoa nadhiri. Alikuwa ameomba kupelekwa Marekani, kwa watu weusi ambao habari zao zilisomwa na kusimuliwa katika nyumba ile. Miaka ikapita, amri isije. Ilipokuja ilikuwa ya kwenda pengine kabisa, mahali ambapo hapakuwa na sista hata mmoja wa shirika lake, wala nyumba ya kuwapokea, wala shule.

Kwa nini Uganda

Sababu ya amri hiyo yataka maelezo, kwa kuwa si ya dini peke yake, na historia ya kumbukumbu isiyosema ukweli huu itakuwa imeandikwa kwa upendeleo. Wakatoliki wa kwanza wa Buganda walibatizwa na Mapadre Weupe, walioitwa White Fathers, ambao wengi wao walikuwa Wafaransa. Na Waprotestanti walifundishwa na wamisionari wa Kanisa la Anglikana, ambao walikuwa Waingereza. Haukupita muda, kila upande ukawa chama cha siasa, hata watu wakaitana Wafaransa na Waingereza ilhali wote ni Waganda. Mwezi Januari 1892 vyama hivyo vilipigana Mengo, chini ya kilima cha mfalme, na Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, akausaidia upande wa Waprotestanti kwa bunduki za Maxim. Wakatoliki wakashindwa, wakafukuzwa.

Baada ya msiba huo ilidhihirika kwa Roma na kwa Vaughan, ambaye mwaka huo huo wa 1892 alifanywa Askofu Mkuu wa Westminster, kwamba Waganda na serikali ya Uingereza wangepaswa kuona kwa macho yao Wakatoliki wasio Wafaransa. Mwaka 1894 ikaundwa Vikariati ya Nili ya Juu, ikakabidhiwa mapadre wa Mill Hill, chini ya Askofu Henry Hanlon. Naye na mapadre wanne walipanda bara kwa miguu kutoka Mombasa, wakawasili Septemba 1895, na Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Kwa hiyo Mill Hill iliingia Afrika ya Mashariki kwa mlango wa siasa za dola, na masista waliitwa kuja kukamilisha kazi iliyoanzishwa kwa sababu hizo. Yale waliyoyafanya baada ya kuingia hayakufungwa na mlango walioingilia, lakini si haki kuuficha mlango.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, Sista Kevin akiwa mmoja wao, katika umri wa miaka 27. Bahati yao ilikuwa kwamba Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja uliotangulia, hata nchi ambayo mapadre waliipita kwa miezi, wakipanda milima na kuvuka nyika, wao waliipita kwa siku chache kutoka bandari ya Mombasa, kisha wakavuka ziwa. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya.

Chini ya mwembe

Waliikuta nchi katika balaa. Kandokando ya ziwa na visiwani ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza vijiji vizima. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache ya mwanzo wa karne hiyo watu zaidi ya 200,000 walikufa, na serikali ikafika hata kuwahamisha wenyeji wa ufukoni ili kuwaondoa katika njia ya mbung'o. Tauni, ndui na malaria vilikuwa na fungu lao. Masista walianza kutibu chini ya mwembe, wakiwa na dawa chache, bila jengo, na bila lugha, ila ile waliyojifunza siku kwa siku kwa wagonjwa wenyewe. Na mwembe huo wa Nsambya ndio unaohesabiwa kuwa zahanati ya kwanza ya hospitali ambayo leo ni miongoni mwa hospitali kubwa za Uganda.

Mwaka 1906 kazi ikapanuka hadi Nagalama, na mwaka 1910 Sista Kevin akawa mkuu wa masista wa Mill Hill nchini, akaanza kuitwa Mama Kevin, na kwa ulimi wa wenyeji Kevina. Wito wake, aliouchukua tangu siku za nadhiri, ulikuwa wa maneno machache tu yenye maana ya kusema kwamba yote ni kwa ajili ya Bwana. Wito mfupi namna hiyo huweza kumfanya mtu kuwa mkali. Naye, kwa dhahiri ya kazi yake, alikuwa mtu wa azma isiyovunjika, aliyefungua kituo baada ya kituo pasipo kungoja fedha zipatikane kwanza, akiamini kwamba fedha zitakuja nyuma ya kazi.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika ya Mashariki, majeshi hayakuwa na njia ya kusafirisha vyakula na risasi katika pori lisilo na barabara na lenye mbung'o wauao farasi, isipokuwa juu ya vichwa vya watu. Waafrika waliokusanywa, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu, walihesabiwa kwa malaki, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ndio wapagazi ambao kambi zao zimeacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam na Nairobi. Wapagazi waliorudi wagonjwa waliletwa Nsambya, na masista wakawauguza. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimtunukia Mama Kevin nishani kwa kazi hiyo. Mtu mwenye kutafakari ataona ajabu iliyomo, kwamba dola ile ile iliyowatwisha watu hao mizigo hata wakaanguka ilimpa heshima mwanamke aliyewaokota. Lakini ataona pia kwamba alipaswa kuwepo mtu wa kuwaokota, naye alikuwepo.

Kizuizi cha ukunga

Katika habari zote za maisha yake hakuna inayoonyesha tabia ya nyumba ya Mill Hill, na mipaka yake, kama habari ya ukunga. Wanawake wa Buganda walikuwa wakifa katika uzazi, na watoto wakifa kabla ya kutambaa, kwa idadi iliyowatia hofu wote waliotazama, hata ikadhaniwa na baadhi ya watawala kwamba watu wa nchi wangepungua mpaka waishe. Upande wa Waprotestanti, tabibu Albert Cook alikuwa amefungua hospitali ya Mengo tangu mwaka 1897, na mkewe Katharine akaanza kuwafunza wakunga wa Kiganda. Upande wa Wakatoliki palikuwa na masista wenye mikono na nia, lakini sheria ya Kanisa iliwakataza watawa wa kike kuzalisha, kwa kuhofia kwamba kazi hiyo haipatani na nadhiri ya usafi wa moyo. Sista angeweza kumuuguza mama kwa homa, na kumfunika sanda akifa, lakini saa ya kuzaliwa mtoto alipaswa kutoka chumbani.

Mama Kevin hakuivunja sheria hiyo, wala hakuikubali moyoni. Aliizunguka kwa njia ya halali. Daktari wa kike asiyekuwa mtawa, Evelyn Connolly, alipokuja Uganda, alifungua pamoja naye, mwaka 1921, shule ya wauguzi na wakunga huko Nsambya. Hivyo kazi ambayo masista wa Ulaya walikatazwa kuitenda kwa mikono yao ikapewa mikono ya wasichana wa Uganda. Wakati huo huo yeye, pamoja na wanawake wengine wa Kanisa waliokuwa na hoja kama hiyo, Agnes McLaren wa Scotland akiwa mmoja wa waliotangulia na Anna Dengel wa Austria mmoja wa waliofuata, waliendelea kuisihi Roma. Na mwezi Februari 1936 Kiti Kitakatifu kikatoa waraka ulioruhusu, na zaidi ya kuruhusu, uliohimiza masista wasomee utabibu na ukunga. Ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 30 tangu mwembe wa Nsambya.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kizuizi kiliwalazimisha masista kufanya mapema jambo ambalo mashirika mengi ya kigeni yalilichelewesha kwa nusu karne. Lau wangeruhusiwa kuzalisha wao wenyewe, pengine wangezalisha, na wakunga Waafrika wangebaki kuwa wasaidizi wa kubeba maji. Kwa kuwa walikatazwa, walifundisha. Na waliofundishwa hawakuwa na mtu wa kusimama nyuma yao ila ujuzi wao.

Binti wanane

Mwaka 1923 Mama Kevin alifanya jambo lililozidi shule kwa uzito: aliwakusanya wasichana wanane wa nchi, akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo makao yake makuu yakawa Nkokonjeru, mashariki ya Kampala. Hakuwa wa kwanza katika Uganda kufungua njia hiyo, kwa kuwa White Fathers na masista wenzao walikwisha kuanzisha shirika la Bannabikira mwaka 1910. Lakini katika eneo la Mill Hill lilikuwa jambo jipya, nalo halikuwa jepesi. Katika jamii ambayo binti huunganisha koo mbili kwa ndoa yake, na mahari yake huenda ikamwoza kaka yake, kumtoa binti asiolewe kabisa ilikuwa ni kuitaka jamaa nzima itoe sadaka, wala si binti peke yake. Walikuwepo pia Wazungu walioona kwamba nadhiri za utawa ni mzigo usioweza kubebwa na Mwafrika. Maoni ya namna hiyo hayajibiwi kwa hoja. Hujibiwa na miaka, na miaka ikayajibu.

Kutoka hapo kazi ziliongezeka kwa kasi. Mwaka 1932 yalifunguliwa makazi ya wenye ukoma ya Nyenga, na mwaka 1934 yale ya Buluba, kando ya ziwa katika Busoga, ambako baadaye, tangu mwaka 1951, daktari Wanda Błeńska wa Poland alifanya kazi kwa miongo minne na kuvifanya vitanda vya Buluba kuwa darasa la maradhi hayo. Mwaka 1942 ilisimama Namagunga shule ya wasichana ya Mount St Mary's, katika nchi ambayo elimu ya juu ya wanawake ilikuwa bado yahesabiwa kuwa anasa, nayo hadi sasa ni miongoni mwa shule mashuhuri za Uganda. Wafanyakazi walitakiwa kwa kila jengo jipya, na kwa kuwa Mill Hill haikuweza kutoa masista wa kutosha, Mama Kevin alifungua mwishoni mwa miaka ya 1920 nyumba ya unovisi huko Holme Hall, katika Yorkshire, ya kuwafunza wale waliotaka Afrika tangu mwanzo.

Yafaa isemwe kwamba njia hii haikuwa na ukamilifu wote. Kwa miaka mingi Masista Wadogo walikuwa chini ya uangalizi wa wageni waliowafunza, wakipokea amri katika lugha ya watu wa mbali, na aliyewapenda kama mama aliwaamuru pia kama mama. Hilo lilikuwa taksiri ya zama zake, na zama zetu zina haki ya kulitaja. Lakini tofauti iko kati ya mlezi anayelea ili abaki kuwa mlezi, na anayelea akijua kwamba siku itafika. Na mwenendo wa mambo waonyesha Mama Kevin alikuwa wa namna ya pili.

Kuachana

Kazi ya Afrika ilipokua, ikawa kubwa kuliko nyumba iliyoizaa. Masista wa Mill Hill walikuwa na majukumu yao Uingereza na Marekani. Masista wa Uganda walihitaji unovisi, fedha na uongozi uliotazama upande mmoja tu. Mwaka 1952 Roma ikakubali tawi la Afrika liwe shirika la peke yake, likaitwa Masista Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko kwa Afrika, likiwa na makao yake makuu Mount Oliver, karibu na Dundalk nchini Ireland. Na mkuu wake wa kwanza akawa Mama Kevin, mwenye umri wa miaka 77. Kwa nyumba ya Mill Hill ilikuwa ni kukatwa mkono wa kulia. Hata hivyo iliuachia, na kazi haikusimama hata siku moja.

Mwaka 1955 alistaafu, akapewa na serikali nishani ya daraja la juu kuliko ile ya kwanza. Wengine hustaafu wakakaa katika bustani. Yeye akapelekwa Brighton, mtaa wa Boston nchini Marekani, kuomba sadaka kwa ajili ya misheni. Nchi aliyoitamani alipokuwa kijana wa miaka 20, ambayo alinyimwa, ndiyo iliyokuwa kituo chake cha mwisho. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957, katika mwaka wake wa 83.

Mwili wake ulirudishwa Ireland, na kwa desturi habari ingekoma hapo, kaburini Mount Oliver kati ya masista wenziwe. Lakini Wakatoliki wa Uganda walidai kwamba aliyekuwa wao azikwe kwao, wakachanga, wakaomba, wakakubaliwa. Na tarehe 3 Desemba 1957 akazikwa Nkokonjeru. Ilikuwa imetimia miaka 55 kamili tangu siku alipotoka London.

Nyumba leo

Hali ya mambo ya sasa inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Chuo cha mapadre kilichoanzishwa na Vaughan kilifungwa mwaka 2006, kwa kuwa vijana wa Ulaya wanaotaka umisionari wamekuwa adimu, na mapadre wa shirika hilo leo hutoka kwa wingi Afrika na Asia. Majengo yake yalipobaki matupu, BBC iliyatumia kupiga picha za tamthilia yake ya Call the Midwife, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ambayo yasimulia habari za watawa wa Kianglikana waliokuwa wakunga wa mafukara wa mashariki ya London. Mamilioni ya watazamaji wakawaona masista wakizalisha akina mama ndani ya kuta za Mill Hill, pasipo kujua kwamba kwenye kilima hicho hicho palitoka masista wa kweli waliolazimika kungoja zaidi ya miaka 30 kabla ya kupewa ruhusa hiyo.

Nsambya yenyewe imegeuka. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ina mamia ya vitanda, na miongoni mwa watumishi wake wamo Masista Wadogo, mabinti wa kiroho wa wale wanane wa mwaka 1923. Na pale pale pako Mother Kevin Postgraduate Medical School, chini ya Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, ambako madaktari husomea ubingwa. Mwaka 2016 jimbo la Lugazi, ambamo Nkokonjeru imo, lilianzisha rasmi mchakato wa kumtangaza Mama Kevin kuwa mwenye heri, hata sasa Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Na katika hospitali za London yenyewe, wauguzi waliozaliwa Uganda na Kenya huwahudumia wazee wa Kiingereza usiku na mchana, bila mtu kuona ajabu.

Wale wanaochunguza utakatifu wake watapima sala zake, nadhiri zake na miujiza itakayosemwa. Hiyo ni kazi yao, nayo ina mizani yake. Historia ya taasisi ina mizani ya namna nyingine. Huuliza ni nani anayeshika kazi siku mwanzilishi asipokuwepo, na kama kazi hiyo yaweza kutendeka vema pasipo idhini yake. Kwa mizani hiyo nyumba ya Mill Hill, ambayo haikupata kuwa na masista wengi, ambayo iliingia Afrika katika msafara wa siasa za wakubwa, na ambayo mwisho iliachana na tawi lake lililo bora, ina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa nyumba zilizofaulu. Maana yale yaliyotoka kwake yangali hai, nayo yamo mikononi mwa watu ambao hawahitaji tena kuiomba chochote.